Marekani soko huria, mbona mtaani kwangu kampuni ya kebo ni moja tu?

#1 Mbeba Maboksi
Wakuu salama?
Nina jambo limenikaa kooni tangu bili ya mwezi huu iingie. Nilijiunga na kifurushi cha TV na intaneti kwa dola 89.99. Ofa imeisha, bili imekuja dola 147 na senti zake. Nimeipitia mstari kwa mstari: kifurushi chenyewe kimepanda, halafu chini kuna "ada ya vituo vya hewani", "ada ya michezo ya kanda", kodi ya kisanduku, na kisanduku cha pili cha chumbani ambacho kiliharibika nikakirudisha, bado nakilipia. Hiyo ada ya michezo ni ya besiboli. Besiboli mimi naijulia wapi?

Nikapiga simu. Muziki wa kusubiri ukapigwa mpaka chai ikapoa, binti akapokea, akaniambia kwa adabu zote kwamba bei ndiyo hiyo, kama siridhiki naweza kusitisha huduma. Nisitishe niende wapi? Kebo mtaani kwetu ni hii moja. Ukiacha hiyo kuna kampuni ya simu yenye intaneti ya waya wa shaba, video inagandaganda. Dishi mwenye nyumba kakataza.

Hii ndiyo nchi iliyotufundisha soko huria mpaka tukabinafsisha viwanda vya korosho. Imekuwaje? Hisia zangu ni kwamba halmashauri ya mji ilisaini mkataba wa kuwapa hawa jamaa peke yao, na wabunge wako mfukoni. Wajuzi mje.

#2 Chumvi Nyingi
Dola 147 za kuangalia TV! Huku Tandale hiyo ni kodi ya vyumba viwili na hela ya mboga inabaki. Rudi nyumbani mkuu, maboksi hata Kariakoo yapo.
Nimekaa siti ya mbele, karanga mkononi.

#3 Fundi Dishi
Mimi nimevuta kebo Mwanza, nikavuta Dar, kwa hiyo niseme cha upande wa mafundi. Kabla hujamsingizia mbunge, hesabu nguzo. Ukitaka kupitisha kebo mtaa wenye nyumba 1,000 unalipia waya wote, unalipia kukodi nguzo, unaweka vikuza mawimbi njiani, unaomba vibali vya kuchimba. Gharama hiyo ni ile ile upate wateja 900 au 200. Kampuni ya kwanza ikishabeba 600, wa pili anakuja na gharama nzima kugombania waliobaki. Nani ataikopesha hela hiyo? Benki yenyewe itamcheka.

Ukiritimba wa waya unajizaa wenyewe. Sheria unaikuta umeshakomaa.

#4 Mwanasheria wa Kona
Mleta uzi, hilo la mkataba wa peke yao limepitwa na wakati. Twende taratibu.

Kebo Marekani ilianza 1948 kwenye miji ya milimani kama Mahanoy City, Pennsylvania na Astoria, Oregon, ambako antena za kawaida hazikunasa kitu. Mtu anasimika antena juu ya kilima, anashusha waya kwa majirani. Waya unapita barabarani, barabara ni ya mji, ndipo mji ukawa na sauti: kampuni lazima iombe kibali. Miaka mingi miji ilitoa kibali kwa kampuni moja tu, hapo hisia zako ziko sawa.

1984 Kongresi ikapitisha sheria ya kebo: miji ikaruhusiwa kutoza hadi asilimia 5 ya mapato, lakini ikanyang'anywa karibu nguvu yote ya kupanga bei. Bei zikapaa. 1992 wakarudi na sheria nyingine ya kumlinda mteja. Bush baba akaipigia veto, Seneti ikaivunja kwa kura 74 kwa 25 na Baraza la Wawakilishi 308 kwa 114. Katika veto zote za yule mzee, hiyo ndiyo pekee iliyovunjwa. Sheria hiyo ya 1992 ndiyo iliyopiga marufuku mji kutoa kibali cha kipekee. Halafu 1996 wakalegeza tena: udhibiti wa bei za vifurushi vikubwa ukafa tarehe 31 Machi 1999.

Na dishi: tangu 1999 FCC (mamlaka ya mawasiliano, TCRA yao) ina kanuni ya kumlinda mpangaji kwamba mwenye nyumba hawezi kukukataza dishi la hadi mita moja kwenye eneo unalotumia wewe peke yako, mfano kibaraza chako. Kutoboa ukuta wake anaweza kukataza. Kasome mkataba wako wa pango vizuri.

#5 Bint Kisauni
Mwanasheria umejibu la karatasi, mwenzio auliza la mtaani. Kama tangu 1992 hakuna aliyekatazwa kuingia, hao wengine wako wapi?

#6 Ngosha wa Ohio
Wako Columbus, hahaha. Niko huku, kwangu kuna kebo mbili zinapita nguzo moja.

Historia yake: miaka ya tisini kampuni ya simu ya Ameritech iliamua kujenga kebo yake juu ya ile iliyokuwepo, hapa Columbus na miji mingine ya ukanda huu wa maziwa. 2001 mtandao huo ukauzwa kwa kampuni ya WOW, 2021 ukauzwa tena, na mpaka leo upo. Mimi bili ikipanda sibembelezi. Napiga simu, nasema jirani kanipa bei nyingine, wananihamishia kitengo cha kubembeleza wateja, bei inashuka palepale. Mbeba Maboksi akipiga simu hiyo hiyo anaambiwa "unaweza kusitisha".

Na siyo porojo zangu. GAO, wakaguzi wa serikali kuu, ambao ni kama CAG wetu, waliandika 2003 kwamba penye mshindani mwenye waya wake bei ya kebo ilikuwa chini kwa takriban asilimia 15. Ila penye mshindani wa namna hiyo palikuwa kama asilimia 2 tu ya masoko.

#7 Fundi Dishi
Ngosha umenisaidia bila kujua. Asilimia 2! Kama ingekuwa inalipa, wangekuwa 50. Dishi lilikuja na DirecTV mwaka 1994, likachukua wateja wa TV, sawa, lakini intaneti ya kasi ilipoanza kuwa ndiyo bidhaa yenyewe dishi likabaki nyuma na kebo ikarudi kileleni.

Hata Google mwenye hela zote. Walichagua Kansas City 2011, dunia ikashangilia, wakaenda mji kwa mji. Louisville wakajaribu kuzika waya kwenye mfereji wenye kina kifupi sana kwenye lami ili kuokoa gharama, waya ukaanza kuchomoza barabarani, 2019 wakafunga virago. Hakuna mlobi (mshawishi wa kulipwa) aliyechomoa ule waya.

#8 Kitasa cha Shaba
Fundi unachagua mifano. Mbona hujataja Nashville? Pale Google walikwama kwenye nguzo. Kila kampuni yenye waya juu ya nguzo ilikuwa na haki ya kuja kusogeza waya wake kwanza, mmoja baada ya mwingine, na hakuna mwenye haraka ya kumsogezea mshindani. 2016 mji ukapitisha sheria ndogo: fundi mmoja aliyeidhinishwa asogeze zote kwa mkupuo. AT&T na Comcast, kampuni zilizokuwa na waya pale, wakaenda mahakamani, Novemba 2017 jaji akaitengua.

Nguzo zipo, hela ipo, wateja wapo, na bado umekwama. Hapo gharama ni ya waya au ya mawakili?

#9 Chumvi Nyingi
Karanga zimeisha, naagiza nyingine.

#10 Mbeba Maboksi
Mwanasheria asante kwa la dishi, nitamwendea mwenye nyumba na karatasi mkononi.
Sasa naomba nieleweshwe hili la kulobi. Ni rushwa iliyovaa tai au ni kitu gani?

#11 Kitasa cha Shaba
Ngoja nikupe kisa kimoja nilichokifuatilia kwa karibu maana nilikaa North Carolina.

Wilson ni mji wa kawaida tu, zamani walikuwa watu wa tumbaku. Waliomba kampuni zilizokuwepo ziboreshe intaneti, zikaona hawana maana. Mji una shirika lake la umeme, wakaamua kujivutia faiba wenyewe, 2008 wakawasha, wakaiita Greenlight. Kampuni zikahamia bungeni, bunge la jimbo, Raleigh. 2011 ikapita sheria ya kuibana miji isijenge mitandao, ikawekewa masharti ambayo kampuni binafsi haina. Gavana hakuisaini wala hakuipigia veto, ikawa sheria yenyewe.

Jirani yao kuna kimji kinaitwa Pinetops, watu elfu moja na kitu. 2015 FCC ikasema sheria kama hiyo haifai, Wilson wakavuta faiba mpaka Pinetops. Agosti 2016 mahakama ya rufaa ikasema FCC haina mamlaka ya kuingilia jimbo na miji yake. Kwa hiyo Wilson walitakiwa kisheria WAWAKATIE majirani intaneti ambayo tayari inafanya kazi. Mnajua walifanyaje? Kwa kuwa sheria ilikataza kuuza, wakaamua kuwapa bure kwa miezi sita. 2017 bunge likaona aibu, likawaruhusu kuendelea, lakini mpaka hapo kampuni nyingine itakapoleta faiba.

Tuambie Fundi, kwenye kisa hicho nguzo ina kosa gani?

#12 Mtazamaji wa Provo
Nimesoma kimya muda mrefu, hapa lazima niseme. Mnapamba miji kama vile halmashauri haijawahi kufilisi kitu. Provo, Utah, walijenga mtandao wao wa faiba, wakabeba madeni, mwisho 2013 wakamuuzia Google kwa dola MOJA. Deni likabaki kwa wananchi, kila nyumba ikawa inakatwa kwenye bili ya huduma. Kwa hiyo mbunge anayesema mji usicheze na hela za walipa kodi si lazima awe amenunuliwa. Wengine wanaamini kweli.

Na kulobi ni haki ya kikatiba kule. Marekebisho ya kwanza ya katiba yanampa kila mtu haki ya kupeleka malalamiko serikalini. Mashirika ya kutetea watumiaji nayo yanalobi. Walimu wanalobi. Ukiifunga kwa Comcast umeifunga na kwa wote.

#13 Ngosha wa Ohio
Nani kasema ifungwe? Watu wanaomba ionekane.

#14 Mwanasheria wa Kona
Naungana na Ngosha. Mleta uzi, sheria kuu ya uwazi wa kulobi ni ya 1995. Inataka mlobi ajisajili, ataje mteja na hela. Ndiyo maana tunajua Comcast huwa inatumia zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka Washington peke yake. Tatizo ni tundu: kama kazi ya ushawishi inachukua chini ya asilimia 20 ya muda wako kwa mteja huyo, hulazimiki kujisajili. Waziri wa zamani anakuwa "mshauri wa mikakati", anapiga simu zake mbili tatu zenye uzito, hayumo kwenye daftari.

Lingine ni kuhamahama. Januari 2011 FCC iliidhinisha Comcast kuichukua NBCUniversal kwa kura 4 kwa 1. Mmoja wa waliopiga kura ya ndiyo, kamishna Meredith Attwell Baker, Mei mwaka huo huo akatangazwa kwenda kufanya kazi ya ushawishi Comcast. Michael Powell aliongoza FCC 2001 hadi 2005, mwaka 2011 akawa kiongozi wa NCTA, chama cha kampuni za kebo. Na Tom Wheeler aliyekuwa kiongozi wa chama hicho hicho miaka ya 1979 hadi 1984 akaja kuwa mwenyekiti wa FCC 2013. Wamebadilishana viti.

Sheria ya 2007 iliongeza muda wa kupoa: mbunge akitoka madarakani asilobi wenzake kwa mwaka mmoja.

#15 Mzee wa Antena
Mwaka mmoja ni wa Baraza la Wawakilishi. Seneta ni miaka miwili.

Na kwa Wheeler umemwonea. Huyo mlobi wa zamani ndiye aliyesimamia ule uamuzi wa Februari 2015 anaousema Kitasa, wa kutetea Wilson na Chattanooga, mji wa Tennessee wenye mtandao wake. Siku hiyo hiyo akapitisha na kanuni za usawa wa intaneti (kampuni isibague tovuti) ambazo kampuni za kebo zilizipinga kwa kila wakili waliyekuwa naye. Kabla ya hapo wananchi walikuwa wakimtukana kila kona kwamba katumwa. Kwa hiyo ukitaka kupima mtu kwa kazi aliyotoka, Wheeler anakuharibia hesabu.

#16 Mwanasheria wa Kona
Mzee wa Antena hukosi. Sawa, miaka miwili.
Ila mmoja kugeuka mwema haimaanishi mlango uachwe wazi.

#17 Mzee wa Antena
Sijasema uachwe. Nasema mnapiga kelele kwenye mlango mmoja na nyumba ina milango mingine. Hakuna aliyegusa kampuni zenyewe kununuana na kubadilishana mitaa. Philadelphia na vitongoji vyake, 1998 Comcast ilikuwa na asilimia 23.9 ya wateja wa eneo hilo. 2007 ilikuwa na asilimia 69.5. Ilifikaje? Ilinunua kampuni ndogo, na nyingine ilibadilishana nazo: wewe nipe wateja wako wa hapa, mimi nikupe wangu wa mji mwingine. Adelphia na AT&T wamo humo. Kila mmoja anabaki mfalme kwake na hakuna anayemgusa mwenzake.

Wateja walishtaki kwa pamoja. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, 2013, kura 5 kwa 4, wateja wakashindwa. Tena hawakushindwa kwenye hoja ya ukiritimba. Walishindwa kwa sababu hesabu yao ya hasara haikuendana na sehemu ya madai iliyobaki, kwa hiyo hawakuruhusiwa kushtaki kama kundi. Mteja mmoja mmoja atashtaki dola 30 zake za mwezi?

Hapo hakuna mlobi wala nguzo. Ni sheria ya ushindani iliyolala.

#18 Bint Kisauni
Hili la kubadilishana mitaa sikuwa nalijua kabisa. Wallahi ni ujanja.

Huku kwetu sisi vita vilikuwa vya masafa. Februari 2015 mamlaka ilipozima analogi, NTV, Citizen, KTN na QTV zilitoweka karibu wiki tatu, wenye vituo wakidai leseni ya kusambaza mawimbi wamepewa wengine na wao wameachwa. Mama yangu alikuwa akiwasha TV kila jioni atazame kama wamerudi, azima, awasha tena. Walobi hatukuwaona ila gharama tulilipa sisi, king'amuzi kipya.

#19 Chumvi Nyingi
Hata sisi 2018 chaneli za nyumbani ziliondolewa kwenye DStv na Azam, TCRA ikasema leseni zao haziruhusu. Na nyie mnaisahau GTV? Ilikuja na ligi ya Uingereza bei chee, watu wakanunua madishi, Januari 2009 ikafa ghafla katikati ya msimu. Dishi langu nimelitumia kuanikia dagaa.

#20 Fundi Dishi
Chumvi! Dishi la GTV unapata chaneli za bure ukiligeuza vizuri, niite PM.

#21 Kitasa cha Shaba
Turudi kwenye mada jamani kabla uzi haujahamishiwa jukwaa la michezo.

#22 Mapendo wa Minneapolis
Jambo wapendwa. Mimi ni Mkongo, tumefika hapa kama wakimbizi. Ninaona wote mnaisema kebo vibaya, mimi iko kitu kizuri nitasema. Sheria ya ile 1984 iliruhusu miji idai chaneli za jamii. Kanisa letu tulikuwa na kipindi cha Kiswahili: wanatufundisha kushika kamera bure, wanatupatia studio, kwaya inaimba, mchungaji anatangaza nani anatafuta kazi, nani amefiwa. Wamama wa Kivu ambao hawajui Kiingereza walikuwa wanangoja kile kipindi. Hiyo hela ya studio ilitoka kwa ile asilimia 5 na michango mingine ya kampuni.

Sasa tangu 2019 FCC iliamua kwamba vitu kampuni inatoa kwa mji vihesabiwe ndani ya ile asilimia 5. Na watu wanaacha kebo, basi mapato yanashuka. Mkisema kuvunja kebo mnifikirie na kwaya.

#23 Msomaji Kimya
Dada Mapendo umefungua mlango ambao watu hawapendi kuusikia. Mimi niko ofisi ya mji mmoja, sitautaja. Ile asilimia 5 inaingia kwenye mfuko mkuu bila diwani kupandisha kodi hata senti. Bili ya mwananchi ikipanda, fungu la mji nalo linapanda. Niambieni ni diwani gani atakayekesha akipigania bei ishuke? Nimekaa kwenye vikao vya kuhuisha vibali. Wananchi wanaokuja kutoa maoni wanakaa mstari mmoja wa viti na bado vinabaki. Mwanasheria wa kampuni anakuja na begi, anajua jina la kila mtu mpaka mlinzi. Hakuna bahasha. Anajua tu hoja zake na wengine hatuzijui.

#24 Mbeba Maboksi
Kwa hiyo wakuu mpaka sasa mwenye kosa ni: nguzo, sheria ya 1984, mahakama, walobi, diwani, na kwaya ya dada Mapendo. Mimi nalipa 147.

#25 Mapendo wa Minneapolis
Kwaya haina kosa! 🤣

Na wewe uangalie kama unakaa kwenye jengo la kupanga. Sisi tulikuwa na jengo, mwenye nyumba alikuwa anapewa kitu na kampuni kwa kila mpangaji. FCC ilikataza mikataba ya kampuni moja kuingia jengo peke yake mwaka 2007, halafu wakapita pembeni kwa kugawana mapato. 2022 wakakataza na baadhi ya ile migawo. Uliza.

#26 Mtazamaji wa Provo
Na Chattanooga mliyoitaja, mseme yote. 2010 walitoa intaneti ya gigabiti moja kabla ya miji mikubwa yote, ni kweli. Lakini serikali kuu iliwapa ruzuku ya dola milioni 111 na ushee kutoka mfuko wa kufufua uchumi baada ya 2008. Ukimpa na kampuni binafsi ruzuku hiyo itavuta faiba mpaka kwenye banda la kuku.

#27 Kitasa cha Shaba
Kampuni binafsi zimepewa mabilioni ya ruzuku za vijijini miaka nenda rudi, mkuu. Mabanda ya kuku bado yanasubiri.

Na Chattanooga kabla ya ruzuku hiyo, Comcast na chama cha kebo cha jimbo walikuwa wameshawapeleka mahakamani wasijenge. Wakashindwa. Mpaka leo sheria ya Tennessee inasema shirika la umeme la mji lisitoke nje ya eneo lake la umeme. Kuna watu wanaishi ng'ambo ya barabara, wanaiona nyumba yenye gigabiti, wao hawana kitu. 2017 wakairuhusu mitandao ya ushirika wa umeme vijijini, miji wakaiacha palepale.

Ndiyo maana nasema marekebisho ya kulobi yakiishia Washington ni bure. Mabunge ya majimbo ndiko kazi inakofanyika. Waandishi wachache, wabunge wa muda, mishahara midogo, muswada unakuja umeshachapwa.

#28 Ngosha wa Ohio
Hapo kwenye wabunge wa muda umepiga penyewe. Wengine wana maduka na mashamba, wanakuja bungeni miezi michache. Nani atamfundisha sheria ya nguzo za umeme? Mlobi. Mimi ningeanza na hapo: wapewe watafiti wa kutosha wa kwao, tena kabla ya kuanza kuhesabu asilimia 20 za muda wa mtu.

#29 Mwanasheria wa Kona
Ngosha hilo linahitaji hela, na hela inapitishwa na hao hao.

Kuna Colorado pia. 2005 bunge la jimbo lilipitisha sheria kwamba mji usitoe intaneti mpaka wananchi wapige kura. Longmont wakapiga kura 2009, kampuni zikamwaga zaidi ya dola laki mbili za matangazo kwenye kamji hako, mji ukashindwa. 2011 wakapiga tena, kampuni zikaongeza dau, mji ukashinda. Baadaye zaidi ya miji na wilaya 100 zikapiga kura ya kujitoa, na 2023 jimbo likaifuta sheria yenyewe. Hakuna sheria ya kulobi iliyobadilika katikati. Watu walichoka tu.

#30 Mbeba Maboksi
Na hao Longmont wanalipa ngapi?

#31 Mwanasheria wa Kona
Waliowahi kujiunga mtandao ulipofika mtaani kwao walipewa gigabiti kwa dola 49.95 kwa mwezi. Intaneti peke yake.

#32 Chumvi Nyingi
Mbeba Maboksi anapanga begi sasa hivi.

#33 Fundi Dishi
Mwanasheria umeruka kipande. Shirika la umeme la Longmont lilikuwa na mkongo wake umezunguka mji tangu 1997. Walianza na waya tayari chini, ndiyo maana bei ikawa hiyo. Nilisema tangu bandiko la tatu: angalia waya kwanza.

#34 Kitasa cha Shaba
Waya ulikuwepo na ukalala. Ulilala kwa sababu ya nini? Sheria ya 2005.

#35 Fundi Dishi
Toka 1997 mpaka 2005 ni miaka minane, mkongo uko chini na haujafika sebuleni kwa mtu. Sheria haipo, kura haijaitishwa, mlobi hajatia mguu. Hiyo miaka minane nani aliuzuia?